Mbao Mbili za Kisima cha Bi Mauwa

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza alichokiona Somoe kilikuwa duara. Duara jeusi la kitako cha ndoo, kwenye ubao wa benchi, harusini, pale Temeke. Alikuwa amekaa, sahani ya pilau magotini. Akalitazama duara lile, kisha akalifunika kwa kanga yake.

Likumbukeni duara hilo.

Leo tunamkumbuka bibi yake Somoe, Bi Mauwa binti Fakihi, aliyefariki Ijumaa mbili zilizopita. Bi Mauwa alitoka Lindi akiwa bibi harusi, akaishi Temeke mpaka mwisho. Alisuka mikeka. Alifundisha watoto wa kike Kurani barazani. Na mchuuzi wa samaki akimpunja, mtaa mzima ulijua.

Mwaka 1943 mwanawe Jamali, wa miaka minne, alitumbukia kisimani. Kisima cha mtaa. Kisima kisicho na kifuniko. Waliokuja kumhani walimwambia, "Amri ya Mungu, Bi Mauwa. Jitihada haiondoi kudura."

Akawajibu palepale msibani, "Mtoto kanipa Mungu. Kisima tumekichimba sie, na wazi tumekiacha sie. Msimsingizie Mola wangu!"

Wakasema amekufuru. Hakukufuru. Nduguye mdogo, Bwana Salumu, anatueleza: "Dada akimshukuru Mungu kwa dini yake kila siku. Akisema, 'Alhamdulillahi, Mungu kanipa akili, kanipa mikono, kaniachia na hiari. Nisipovitumia, nitamjibu nini?'"

Arobaini ilipokwisha alinunua mbao nne nene za mvule, akafunika kisima. Mbao nne. Kwa miaka kumi na miwili kila aliyeteka maji alizisogeza na kuzirudisha, maana Bi Mauwa alikuwa dirishani. "Wee! Mlango wa kwenu umefunga, wa kisima je?" Hakutumbukia mtoto mwingine. Hata mmoja.

Basi jirani yake, Mzee Marijani, akaoza binti. Mabenchi hayakutosha. Akachukua mbao mbili za kisima, na lile pengo akalitandikia jamvi kuukuu, kuku wasitumbukie. Kuku, wasikilizaji! Kuku aliwafikiria.

Harusi ilikuwa Alhamisi. Ijumaa alfajiri Bi Mauwa alikwenda kuteka maji ya udhu. Akakanyaga palepale alipokanyaga miaka kumi na miwili.

Msibani Bwana Salumu aliuliza, "Mbao mbili ziko wapi?"

"Niliazima tu, Bwana Salumu," akasema Mzee Marijani. "Kesho yake ningerudisha, inshallah."

"Ulimwambia nani?"

"Nilinuia."

"Ulinuia! Na jamvi ulinuia nani alikanyage?"

Mzee Marijani akashusha pumzi, akainua viganja. "Jitihada haiondoi kudura."

Maneno yaleyale. Mbele ya jeneza la mama yuleyule aliyeyakataa! Siku ya kufa anaijua Mungu, hapo hatubishani. Lakini mbao hazina miguu. Hazikutembea kwenda harusini. Kuna mtu aliziinua, akiwa na macho, akiwa na akili, akiwa na hiari yake kamili. Na inshallah si pazia la mvivu.

Tunampa pole Bwana Salumu na ukoo wote wa Fakihi, hapa na kule Lindi. Mungu amrehemu Bi Mauwa, ampokee pamoja na Jamali wake. Nasi tuliobaki, kabla hatujatamka kudura, kila mtu aitazame mikono yake kwanza. Kisha aende akafunike kisima cha mtaani kwake. Leo, jua lingali juu.

Limebaki lile duara. Somoe hajapata kumjibu mtu mzima maishani mwake. Ametuomba tumsemee, nasi tunayasoma maneno yake kama alivyotupa:

"Shikamoo, bibi. Ndoo yako ndiyo iliyochora duara lile. Niliujua ubao wako, nikaukalia, nikamaliza pilau. Niliona haya kumwambia Mzee Marijani mbele za watu. Hiyo haikuwa kudura, bibi. Ilikuwa mie."