Kura ya Hapana ya Verna Letourneau

Mchungaji, waheshimiwa wajumbe mliosafiri kutoka Montpelier, majirani zetu wa Dunmere, ndugu na marafiki, familia imemwomba Leland Kittredge, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, naye amekubali, ingawa karatasi hii ameiandika mara nne na mara tatu ameichana, kwa sababu kila alipofika kwenye wiki ya mwisho hakujua anaandika habari za nani.

Marehemu Verna Kittredge Letourneau alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, shambani kwa wazazi wake hapa Dunmere, kaskazini mwa Vermont, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Orrin Kittredge na mama Hazel, katikati ya msimu wa kugema miti ya sukari, ile ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa sharubati, na baba alikuwa akisema kwamba alimwona bintiye saa tano baadaye, kwani utomvu ulikuwa motoni na utomvu haumngoji mtu. Alianza shule ya msingi ya hapa mjini mwaka 1962, akamaliza sekondari Juni 1974, ambako alikuwa katibu wa klabu ya mdahalo, na walimu walilalamika kwamba anazijua kanuni kuliko wao, jambo ambalo Leland alilitia humu ili kujaza nafasi tu, bila kujua kwamba ndilo kubwa kuliko yote.

Baada ya shule alikamua ng'ombe wa baba kwa miaka mitano, kisha Septemba 1979 akaajiriwa kuendesha basi la shule, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa bila ajali, na mwezi huohuo, tarehe 22, akafunga ndoa katika kanisa hili na Armand Letourneau, fundi wa kuchomelea vyuma, wakajaliwa binti mmoja, Maribeth, aliyezaliwa tarehe 6 Mei 1983. Maribeth alikuwa na pumu, na alipanda basi la mama yake kila asubuhi, na kila asubuhi moshi wa dizeli uliingia ndani wakati basi linangoja watoto kwenye baridi, mama akimtazama mwanawe kwenye kioo akihangaika kuvuta pumzi, na haya marehemu aliyasema mara nyingi sana, nasi tukazoea kuyasikia mpaka tukaacha kuyasikiliza.

Novemba 2010 mlimchagua kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo letu, na kwa miaka sita ya mwisho alishughulika na muswada mmoja tu, ule wa kuondoa mabasi ya shule ya dizeli katika Vermont yote ndani ya miaka kumi na kuleta ya umeme, pamoja na kuweka paneli za jua juu ya mapaa ya shule ili mabasi yachajiwe kutoka hapohapo. Alizunguka nao jimbo zima, akabishana na wakulima, akabishana na Leland, aliyemwambia waziwazi kwamba basi la umeme halitapanda kilima cha Tanner mwezi wa Januari, akamjibu, "Mdogo wangu, hata wewe hukipandi, na hatujakufuta kazi."

Ijumaa tarehe 28 Februari mwaka huu wa 2025 muswada ulipigiwa kura, wajumbe wakiitwa jina moja moja, na Leland alikuwa bandani anachemsha utomvu huku redio imewashwa. Alimsikia dada yake akiitwa, akamsikia akijibu "Ndiyo", akahesabu majina mwenyewe, akaona muswada unaanguka kwa kura moja, na kabla matokeo hayajatangazwa akamsikia dada yake, kwa sauti yake mwenyewe isiyotetemeka, akiomba kubadilisha kura yake kuwa "Hapana". Leland aliacha sufuria ikaungua.

Kesho yake alimpigia simu akamuuliza kama amerukwa na akili au amenunuliwa, marehemu akacheka, akasema, "Baraza liko likizo wiki nzima ya mkutano wa mji. Ngoja turudi, Jumanne ya tarehe kumi na moja utaelewa. Siwezi kusema zaidi, wewe Leland mdomo wako hauna kitasa." Leland akamjibu kwamba ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana, hata ng'ombe wanajua, akamkatia simu, na hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia dada yake duniani. Marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo uliogunduliwa Oktoba 2021, na Jumatatu tarehe 3 Machi, saa moja asubuhi, alianguka uani alipokuwa akifagia theluji juu ya gari lake, akafariki kabla ya kufikishwa hospitalini.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mkutano wa mji, ule wa wakazi wote wa kila mwaka, na nyote mlikuwepo, mkasimama kimya dakika moja kwa heshima yake, lakini mchana, kwenye foleni ya chakula cha maharage, mtu mmoja, ambaye hatumtaji, alisema kwa sauti, "Sasa tunamlilia nani, aliyewatetea watoto au aliyewauza?" Leland alikuwa nyuma yake na sahani mkononi, na aibu aliyoiona siku hiyo hajawahi kuiona.

Alhamisi ndipo karani mmoja wa Baraza alipopiga simu kutoa pole, Leland akamuuliza kuhusu kura ile, naye karani akaeleza kwa upole kama anayemweleza mtoto, kwamba kwa kanuni zao uamuzi ukishapita hauwezi kurudishwa mezani ila na mjumbe aliyekuwa upande ulioshinda, na ni lazima afanye hivyo siku ya kikao inayofuata, hivyo mwenye muswada akiona unaanguka hujiunga na waliomshinda ili apate haki ya kuufufua. Wajumbe wawili wa upande wa marehemu walikuwa wamekwama kwenye theluji, na wangerudi tarehe kumi na moja. Marehemu alikuwa ameshahesabu kila kitu isipokuwa moyo wake.

Sasa bila yeye, hata hao wawili wakirudi, kura zinalingana, na zikilingana muswada umekufa, na anayeweza kuurudisha Jumanne hii ni mtu mmojawapo kati ya waliosema hapana. Familia ilibishana kama jambo hili lisomwe hapa, Armand akisema, "Msibani haziombwi kura," na Maribeth akisema, "Baba, mama angeomba akiwa ndani ya jeneza."

Kwa niaba ya familia, Leland anawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza marehemu kwa miaka mitatu, wahudumu wa gari la wagonjwa, majirani mliopika na mliofagia theluji, walinzi wa makaburi watakaomhifadhi mpaka ardhi iliyoganda iyeyuke mwezi Mei ndipo azikwe, na wajumbe wenzake wote. Wa mwisho kushukuriwa ni Mheshimiwa Wendell Pomerleau wa Craven Mills, mwuza mafuta ya kupashia nyumba joto, aliyepiga kura ya hapana kwa moyo wake wote, na ambaye kwa miaka kumi na minne alikwenda kazini katika gari moja na marehemu, akilalamika njia nzima kwamba miguu inaganda tangu marehemu anunue gari la umeme na kuzima joto ili chaji isiishe. Alhamisi jioni alileta supu, Leland akamweleza ile kanuni, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Sijui, Leland. Kusema kweli sijui," na Leland akamwambia kwamba hata yeye hajui, kwani kile kilima bado kinamsumbua kichwa.

Familia haiombi kura. Inamjulisha tu Mheshimiwa kwamba gari la marehemu limechajiwa, na Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi Leland atakuwa nalo nje ya nyumba ya Mheshimiwa, anamngoja.

Dada Verna, mdogo wako alikukatia simu, na mbele ya watu wote hawa anakuomba radhi. Hukumuuza mtu. Pumzika kwa amani.