Vyumba Saba Chini ya Jukwaa

Ukishuka Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwa miguu, kabla hujafika kwenye uwanja wa mpira, ungekuta kona moja yenye ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, na juu ya ubao huo makalio ya wazee watatu wasiojua kazi nyingine. Ilikuwa miaka ya Zaïre, kila mtu akiitwa citoyen, yaani raia, kila mtu na abakosti lake, koti lisilo na tai, hata yule asiye na suruali ya pili. Ubao ulikuwa wa Godelive, mjane muuza kahawa. Birika lilikuwa lake na mbabula ya makaa ilikuwa yake. Maneno tu ndiyo yalikuwa ya wengine. Ng'ambo ya barabara, likiwa limeegemea jukwaa la uwanja, lilipanda jengo jipya: chini, vikiingia chini ya jukwaa, vyumba saba vya kupangisha wafanyabiashara, katikati maofisi, juu kabisa nyumba za kukaa watu. Barabara nayo ilikuwa ipanuliwe, kwa hiyo Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, kona zote zingesafishwa, mabenchi na vibanda bila kubakiza. Na maombi ya vile vyumba saba yalikuwa yanafungwa leo Alhamisi, kengele ya parokia ikilia saa sita.

Godelive alikuwa ameshafukuzwa mara mbili. Mara ya kwanza sokoni, mara ya pili kwenye kituo cha malori, na mara zote mbili alibeba birika likiwa bado la moto. Safari hii alikuwa amekata shauri: hahami tena, labda wamhamishe akiwa maiti. Kwenye kikapu, chini ya vikombe, alificha karatasi zake ndani ya plastiki: picha mbili, hati ya kifo cha mume wake Donatien aliyebaki kwenye shimo la dhahabu huko Mwenga, na fomu yenye jina lake la kiserikali, M'Birindwa, maana jina la ubatizo serikali haikutaka kulisikia. Palibaki mahali pamoja patupu, namba ya chumba. Moyo wake ulikuwa kwa namba nne, cha katikati, ambacho mji mzima ulikisifia.

— Maman Godelive, ongeza, — alisema Gaston. — Na sukari usiweke kama ya mugonjwa.

Huyu Gaston walimwita Ministre, yaani waziri. Miaka kumi na minane alibeba barua za ofisi ya serikali bila kufungua hata moja, na bado alijua zote zilisema nini.

— Unaenda kweli kuomba ile chumba? — akaendelea. — Maman, usijisumbue. Bakubwa ba mtaa ya Ibanda bashagawanya zote. Ile fomu iko ya kutega batu tu. Banataka kujua nani iko na tamaa.

— Na weye uliomba?

— Miye? Miye siwezi kutegwa.

— Basi kunywa kahawa, Papa Ministre.

Cirhuza akakohoa. Jina lake la kijiweni lilikuwa Radio, kwa ajili ya kiredio chake kisicho na mabetri ambacho alikishikilia sikioni kwa heshima zote, kama vile padri na hostia.

— Gaston anadanganya, anasema bongo, — akasema Radio. — Ile vyumba haiko ya butiki. Ile bokse ilipigwa Kinshasa, dunia yote iliona, sawa? Sasa inakuja huku. Vyumba saba, babokseri saba. Kila mutu na chumba yake ya kubadilisha nguo.

— Babokseri banapigana bawili bawili, — Ministre akamkata. — Wa saba atapigana na nani?

Radio akahesabu kwa vidole.

— Wa saba ni wa akiba.

— Nani alikuambia?

— Ilisemwa, — akajibu Radio, akigeuza kitufe cha kiredio ambacho hakikuwasha kitu tangu mvua za mwaka jana.

Godelive aliwamiminia, akacheka kwa pua, akaangalia jua. Lilikuwa bado halijapanda juu ya jengo. Alijiambia amalize birika hili, kisha aende. Aliwapenda hawa wazee watatu, lakini tangu mwezi jana, kila alipotaka kuinuka, mmoja alimkalisha kwa neno la kuogofya, na hofu ni kitu kizito kubeba pamoja na birika.

— Nyote munakosea, — akasema wa tatu, Isidore, aliyeitwa Arbitre, yaani refa. Filimbi ilikuwa bado shingoni ingawa alichezesha mechi moja tu maishani mwake, na ile mechi haikuisha. — Maman, sikiliza miye mutu wa mpira. Chumba iko chini ya jukwaa, ndiyo?

— Ndiyo.

— Jukwaa inabeba batu. Bukavu ikifunga goli, batu banafanya nini?

— Banashangilia.

— Banaruka! — Akapuliza filimbi, mbwa akakimbia. — Mutu mumoja akiruka, haiko kitu. Mji muzima ukiruka mara moja? Simenti inaanguka ndani ya birika yako. Bakiruka mara ya pili, mulima inafunguka. Unajua udongo ya Bukavu, mvua kidogo tu nyumba zinatembea. Goli la tatu, stade, uwanja yote, inateleza, inapita Ibanda, inaingia ndani ya ziwa!

— Na golikipa? — Radio akauliza, macho yamemtoka.

— Golikipa anaenda nayo.

— Basi tusifunge goli tatu, — akasema Ministre taratibu, na wote wakakubali kwamba kwa timu iliyokuwapo mwaka ule hatari haikuwa kubwa.

— Lakini kama anaomba, — akaongeza Ministre, hakupenda kuachwa nyuma, — basi aombe numéro quatre. Ya katikati. Mutu mwenye heshima anakaa katikati.

— Numéro quatre, — akasema Radio.

— Quatre, — akasema Arbitre. — Iko sawa na mustari wa kati.

Hapo ndipo alipofika Séraphine. Kona ile haikumjua. Alikuwa amepanda na lori kutoka bondeni Luberizi, na gunia la mchele mgongoni, kamba imemkaza kipaji cha uso. Akashusha mzigo, akaomba kahawa, akanywa. Aliwasikiliza wale watatu wakigombania namba nne kama watoto na mfupa, kisha akamgeukia Godelive.

— Maman, samahani. Iyo chumba munasema, mulango yake inaangalia wapi?

Wale watatu wakatazamana. Radio akashusha kiredio sikioni.

— Nauliza sababu miye naleta mizigo toka Luberizi, — Séraphine akasema, akiona aibu kidogo. — Ukikosa kujua mulango, unazunguka na gunia.

— Mulango inaangalia mbele, — akasema Ministre.

— Mbele ni wapi?

— Mbele... ni mbele. Kila nyumba iko na mbele.

— Mbele ya stade ni ndani, kwenye majani, — akasema Arbitre.

— Apana! Mbele ni barabara! — akapinga Radio.

— Weye uliona?

— Sikuona. Na weye?

— Miye nilichezesha mule ndani!

— Wakati ule chumba ilikuwa bado kujengwa!

Godelive aliona joto la aibu likimpanda shingoni. Mwezi mzima! Mwezi mzima jengo lile lilikuwa ng'ambo ya barabara, umbali wa kurusha jiwe, naye alisikiliza watu waliokaa kwenye ubao wake mwenyewe. Akachukua plastiki yake kutoka kwenye kikapu, akakaza kitenge kiunoni.

— Mama wa Luberizi, niangalilie birika.

— Unaenda wapi? — Ministre akashtuka. — Kahawa yetu?

Alikuwa ameshavuka.

Mlangoni mwa shantie, pale palipojengwa, alimkuta Stanislas, kapita, msimamizi wa waashi, anakula ndizi.

— Papa kapita, naomba kuona milango ya ile vyumba.

Stanislas akamtazama vizuri.

— Ingia, maman. Batu bote banakuja kuniuliza numéro. Wa kuuliza mulango ni weye wa kwanza.

Vyumba sita vilikuwa vimepangwa vizuri, vyeupe, virefu, na milango yote sita ilitazama uwanjani. Godelive akasimama kwenye kizingiti cha namba nne. Mbele yake palikuwa na majani, goli lisilo na wavu, na mbuzi mmoja. Upande wa barabara palikuwa na ukuta mtupu, na kuingia uwanjani ilibidi upite geti la chuma.

— Geti inafunguliwa siku gani?

— Siku ya match.

— Na siku zingine?

— Siku zingine nani atacheza? Inafungwa.

Mungu wangu! Angekaa na birika tangu Jumatatu mpaka siku ya mechi, yeye na mbuzi. Akashika ukuta mbichi wa chokaa, kisha akajikaza. Alihesabu milango tena kwa kidole.

— Hapa iko sita. Numéro sept iko wapi?

— Ile? — Stanislas akacheka. — Ile iko upande wa barabara, chini ya ngazi ya kupanda kwenye manyumba. Tunaweka mifagio. Hakuna mutu aliomba, iko mufupi sana.

— Nionyeshe.

Mlango wa namba saba ulikuwa mfupi kweli, akagonga paji la uso akiingia. Ndani, katikati, mtu aliweza kusimama. Pembeni ilibidi uiname. Juu ya kichwa chake alisikia waashi wakipanda na kushuka ngazi, pu, pu, pu. Siku moja wangekuwa watu wa maofisi. Siku moja wangekuwa watu wa nyumba za juu, asubuhi, hawajanywa kitu, na wote wangeshukia hapa, puani mwa birika lake. Akageuka akatazama nje. Aliiona barabara yote, aliiona kona yake, na Radio akirusha mikono hewani. Godelive alicheka peke yake akishika paji lake, na machozi yalikuwa karibu. Alikuwa amepata mahali.

Biro, ofisi ya shantie, ilikuwa hatua chache tu. Karani, Adalbert, hakuinua kichwa.

— Numéro?

— Sept.

Sasa akainua.

— Citoyenne, sept ni ya mifagio. Kuna zingine.

— Sept, papa. Leta bic niandike miye mwenyewe.

Akaandika saba na kuikata tumboni kwa kistari, kama masista walivyomfundisha. Muhuri ulipogonga karatasi, chumba kikawa chake maana hakuna mwingine aliyekiomba, na kengele ya parokia ilikuwa imeanza kulia.

Kwenye kona, katika maneno ya wazee, stade ilikuwa imeshafika katikati ya ziwa na Arbitre alikuwa akiulizwa kama kona itapigwa kwa mtumbwi. Séraphine alikuwa amekaa juu ya gunia lake, na birika limelala ubavu.

— Kahawa ishaisha, — Ministre akalalamika. — Ulikuwa wapi?

— Kuangalia mulango.

— Inaangalia wapi? — Séraphine akauliza.

— Sita inaangalia mbuzi. Moja inaangalia barabara. Nimechukua ile moja. Sept.

— Ya chini ya ngazi? — Ministre akaweka mkono kwenye kola ya abakosti. — Maman Godelive! Ule mulango iko mufupi! Mutu kama miye ataingia namna gani?

Godelive alimwaga majivu, akapanga vikombe kikapuni, kisha akapiga ubao kwa kiganja.

— Simameni.

— Lakini salongo ni Jumamosi!

— Simameni, bapapa. Ubao ni wangu, utakuwa etajere ya vikombe.

Wakasimama. Séraphine akashika ncha moja ya ubao, Godelive nyingine, wakavuka barabara. Katikati ya njia Godelive akageuza kichwa.

— Kahawa iko Jumatatu, Papa Ministre. Utainama.

Wakabaki wamesimama kwenye kona, wazee watatu na mawe mawili. Arbitre ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaribu kuinama, palepale, filimbi ikining'inia, kuona kama mgongo bado unakubali.