Mabakuli ya Bi Mwatima Yaliyozunguka Mji

Tarehe 31 Disemba 2025 Bi Mwatima Shaame anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya achari, hapa Mbweni, kwa miaka kumi na minne. Kazi yote nilimfundisha mimi, Mzee Wakil wa bohari. Basi, si yote. Kusema kweli yeye alinitangulia mwaka mzima, na ndiye aliyenionesha namna ya kufunga chupa bila ya kujimwagia mafuta kifuani.

Karakana aliianzisha Bi Nusrat kwa kuuza bangili zake mwenyewe, hakukopa popote. Achari ilikuwa tamu ila hakuna aliyeijua, na tangazo la redio hatukuliweza. Bi Mwatima aliajiriwa kumenya embe tu. Hata hivyo, akawa anatoka na chupa mkobani: moja anaiacha kwa muuza urojo, wateja waonje, nyingine anaingia nayo harusini. Za kualikwa zilikuwa chache, kwa ulimi wake ule mkali wa Kitumbatu, kwa hiyo aliingia zote, kaalikwa hakualikwa.

Ramadhani ya 2013 ilitukuta na chupa mpaka chini ya kitanda cha Bi Nusrat. Akatangaza kwamba zisipotoka kabla ya Idi, tunafunga.

Hapo Bi Mwatima akafikiri jambo lililowapita wenye digrii. Kwetu futari hutumwa nyumba kwa nyumba, na bakuli la watu hurudishwa, tena halirudi tupu. Akanunua mabakuli arubaini ya plastiki Darajani, tukayajaza achari, tukayagawa kwa watu wasiotujua. Chini ya kila bakuli paliandikwa namba ya simu kwa rangi ya kucha. Anayetaka kurudisha atapiga, akipiga, keshaonja.

Mwandishi wa namba nilikuwa mimi. Kikaratasi chenye namba ya Bi Nusrat nilikipoteza, nikaona namba ni namba, nikaandika niliyoijua kwa kichwa: yangu. Simu yenyewe huiacha nyumbani kwangu, mtaa wa Amani.

Siku tano simu ya Bi Nusrat haikulia. Akaanza kutafuta wa kununua masufuria. Bi Mwatima alilia jikoni na kusingizia vitunguu, na vitunguu siku ile havikuwapo.

Siku ya sita mke wangu aliingia karakana, simu mkononi.

“Wakil, wanawake kumi na tisa wanataka kukurudishia mabakuli. Na wote wanasema ilikuwa tamu, wanataka tena.”

Bi Nusrat aliketi pale pale sakafuni akashusha pumzi, nadhani alikuwa ameizuia tangu mwezi kuandama. Mabakuli yalirudi na katlesi na kaimati, tukafuturu bure hadi Idi. Chupa zote zilitoka. Leo tuko wafanyakazi kumi na wawili, na namba hupigwa chapa kiwandani. Mimi siruhusiwi kushika kalamu ila kwa shughuli kama hii.

Ahsante, Bi Mwatima. Wengi wetu tumesomesha watoto kwa akili yako. Nenda kwenu kisiwani Tumbatu ukapumzike, Mungu akupe afya, na embe umenyewe na wengine.

Ila kabla hujapanda boti, pita Amani. Bi Ummkulthum wa Tunguu bado hupiga simu yangu kila Ramadhani. Uliniahidi miaka kumi na miwili iliyopita kwamba utamweleza mke wangu kuwa yule ni mteja. Nnakusubiri.