Mzee Munyao na Nyumba Iliyosafiri

Alhamisi hii, tarehe 30 Novemba 1967, Mzee Lazarus Munyao anafunga kabati lake la faili baada ya miaka kumi na tisa katika shirika letu la mikopo ya nyumba, tisa kati ya hiyo hapa Garissa. Ametuonya tusiliguse faili la kahawia. Tutaligusa.

Alitoka Kitui na tepu ya kupimia na imani kwamba nyumba haitembei. Mwaka 1962 Mama Qali, mfanyabiashara wa mbuzi na mwenye faili hilo la kahawia, aliomba mkopo wa kujenga nyumba ya mabati mtaa wa Waberi. Dhamana ilikuwa nyumba yake ya miti na mikeka, nje kidogo ya mji. Mzee akaipima, akaiandika, akapiga mhuri. Wiki tatu baadaye alikwenda kuikagua akakuta majivu na mafiga. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Wajir, na dhamana yetu ilikuwa imepakiwa juu ya ngamia, ikifuata malisho pamoja na dada yake Qali. Mimi ndiye niliyepiga chapa ripoti: "Nyumba imesafiri." Makao makuu wakauliza itarudi lini.

Kisha vita vya shifta vikaja. Barabara zikafungwa, soko la mifugo likafa, maafisa wa bara wakahamishwa, na nyumba walizoacha hazikupata hata mtu wa kuzichungulia. Qali akashindwa kulipa miezi mitano. Nairobi wakaamuru nyumba ya Waberi itwaliwe na kuuzwa. Mnadani tulihudhuria Mzee, mimi na mbuzi wawili.

Mzee alikasirika, na akikasirika husoma kanuni. Kanuni ilitaka kila nyumba iliyotwaliwa iwe na mlinzi anayelipwa na makao makuu. Basi akamwajiri Qali kuilinda nyumba ya Qali. Mshahara ukalipa mkopo, ukabaki wa sukari.

Kisha mkaguzi kutoka makao makuu akafika na msafara wa jeshi. Kama angegundua hila hiyo, Qali angelala nje, na Mzee angepoteza kazi na pensheni. Mkaguzi akabisha hodi Waberi. Mlinzi akatoka na rungu, akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali:

"Wewe nani? Barua iko wabi?"

Hakuwa nayo. Alisimama juani saa nzima mpaka Mzee alipomwandikia. Ripoti ya mkaguzi ilishauri nyumba zote za mkoa zilindwe vivyo hivyo.

Qali alimaliza deni Septemba mwaka huu. Mzee, aliyewapatia watu mia moja na nne nyumba, hana yake. Kiwanja chake Kitui kiko kitupu, kwa kuwa fedha zilisomesha wadogo zake. Hajawahi kulalamika, na hilo linaniuma mimi.

Jumatatu asubuhi Qali alifika mlangoni petu na ngamia aliyebeba miti na mikeka. Alisema dhamana imekombolewa, sasa ni ya Mzee, na lori la Kitui litaibeba. Mzee alitoa tepu yake akaipima upya, machozi yakimtoka.

Asante, Mzee wetu. Uwe na afya, na nyumba yako isisafiri tena ila kwa ruhusa yako.

Aketch, mpiga chapa