Marehemu Raphaël Wilondja na Kuku Zake Ambazo Hazijaanza Kutaga

Ndugu na jamaa mliofika hapa Baraka kulia pamoja nasi, na ninyi pia mliofuata harufu ya chungu: marehemu Raphaël Wilondja alizaliwa Lubondja tarehe 14 Mei 1973, mutoto wa kwanza wa dada yangu Solange. Ninayesoma ni mimi, mujomba wake Bonaventure, na kwetu mujomba haombi ruhusa ya kumcheka mupwa wake, hata akiwa ndani ya sanduku. Raphaël alichelewa kuzaliwa, akachelewa kutembea. Wenzake walipokuwa wanakimbia mtoni, yeye bado alikuwa anashikilia ukuta.

Shule ya msingi aliianza palepale Lubondja mwaka 1980 na kuimaliza mwaka 1989. Ile miaka iliyozidi msiniulize ilikwenda wapi. Mimi nilitoka darasa la tano kwa sababu nilidhani nimekwisha kuelewa yote. Yeye alikaa mpaka akaelewa.

Alifunga ndoa na Marthe tarehe 19 Agosti 2006. Marthe anasema alimwona kijana huyo akipita mbele ya nyumba yao mwaka mzima kabla hajapata nguvu ya kusalimia. Mungu aliwapa watoto watatu, Gentille akiwa wa kwanza, nao hawakuwa na haraka.

Kazi yake ilikuwa shamba la muhogo, na tangu walipohamia Baraka mwaka 2015, kuku. Hapo ndipo ukoo wetu ulipoonyesha akili yake yote. Mwaka 2022 Raphaël alileta vifaranga kutoka Lusenda, wengine wa kienyeji, wengine wale wakubwa wenye manyoya mpaka miguuni. Wiki ileile binamu yake Fabien, huyu aliyekaa hapa mbele kama mwenye msiba, alileta kutoka Uvira kuku nyeupe za kizungu. Zilipofikisha mwezi wa tano tangu kuanguliwa, za Fabien zikataga. Fabien alizunguka mtaa mzima na yai mkononi kana kwamba amelitaga yeye. Kisha akaja kukaa kwa Raphaël pamoja na wazee wenye hekima kama yake, wakaamua kwamba kuku yenye kula bila kutaga ni ndugu ya panya.

Raphaël aliona haya, akazichinja zote kwa Noeli. Marthe alipopasua ya kwanza, alikuta ndani yake mayai machanga yameshikana kama shanga, moja kubwa karibu kutoka, mengine madogo kama punje za mtama. Akamwita mume wake.

"Baba Gentille, kuja uone. Zilikuwa tayari njiani."

Raphaël hakula siku ile. Fabien alikula, akaomba hata zile shanga za njano, akasema ni tamu sana. Na zile nyeupe zake zenye mbio? Ugonjwa wa kuku ulipita kiangazi kilichofuata, haikubakia hata moja ya kusimulia. Tangu hapo Fabien ni mtaalamu wa kuku za watu.

Raphaël alianza tena Aprili mwaka huu wa 2024, na mbegu zilezile. Mwezi wa Agosti figo zilimwangusha. Alilazwa lopitali hapa Baraka, akarudishwa nyumbani, na tarehe 21 Oktoba akatuacha, saa za asubuhi, Marthe akimshika mkono. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliwahi, na alichagua vibaya. Siku chache kabla ya hapo alitoka kwa kuegemea ukuta, kama alipokuwa mutoto, akaweka kiganja mgongoni mwa kuku moja ya kienyeji. Haikuchuchumaa. Akatuambia:

"Bado. Kuku ya kwetu inaanza kutaga ikiwa na miezi saba, ile kubwa hata minane. Ukiona kilemba chake kichwani kimekuwa chekundu, na ukiigusa mgongo inachuchumaa, iko karibu. Musizipime na za Fabien."

Jana maiti haijaoshwa bado, na Fabien alikuwa anashika kisu mbele ya banda. Alisema kuku za marehemu ni za wageni wa marehemu, ndiyo desturi, na tena hizi hazitagi. Bamama wawili walikuwa wamekwisha kuweka maji motoni. Marthe alitoka kwenye mkeka wa matanga, kitu ambacho mujane hafanyi, akaenda kukaa mlangoni mwa banda na kitambaa chake cha msiba kichwani. Hana kitu kingine cha kumsomeshea Gentille. Niliingia nyuma yake, nikaweka kiganja mgongoni mwa ile kuku ya kienyeji aliyoigusa Raphaël.

Ilichuchumaa.

Basi desturi ninaijua kuliko Fabien. Mujomba ndiye anayegawa chakula cha matanga ya mupwa wake, na mujomba amegawa: leo mtakula bugali, sombe ya majani ya muhogo na visamaki vya ndakala. Mwenye hamu ya nyama achinje za kwake, kama zipo.

Marehemu ameacha mama yake Solange. Mujane wake Marthe. Watoto wake Gentille, Dany na Divine. Mujomba mmoja mwenye sura nzuri. Na kuku tisa zilizo hai.

Lala kwa amani, Raphaël. Usiamke kuziangalia. Funguo ya banda iko mfukoni mwangu.