Kilo Moja kwa Lita Ishirini na Nne: Maisha ya Wilhelmina Kija Ndalahwa, 1941–1999

Wengi mliofika hapa Buhongwa leo, Jumamosi tarehe 19 Juni 1999, mnamfahamu kwa jina la Mama Rose. Waliotoka mjini wanamwita Mama Maziwa, na wapo wanaoliona jina lake kamili kwa mara ya kwanza kwenye karatasi hii. Aliitwa Wilhelmina Kija Ndalahwa. Wasifu huu umeandaliwa na familia na unasomwa na Ngosha, mtoto wa mdogo wake Justa, kwa masharti aliyoyaacha marehemu mwenyewe: usiwe mrefu, na tarakimu zote ziwe sahihi.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 kijijini Usagara, kando ya barabara ya Shinyanga, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Ndalahwa Shimba na mkewe Odeta. Baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Mama ndiye aliyeshika kibuyu cha kusukasukia maziwa, na mabinti wote wa nyumba hiyo walikisukasuka kibuyu kabla hawajajua kufunga kanga ikakaa. Hapo ndipo Kija alipojua kwamba samli haidanganyi. Kama haimo ndani ya maziwa, hata utikise mpaka mikono ife ganzi, haiji.

Mwaka 1950 aliandikishwa katika shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne, akaishia hapo mwaka 1953. Wakati ule binti aliyeweza kusoma barua alihesabiwa kuwa amehitimu. Somo lake lilikuwa hesabu. Siku moja mwalimu aliuliza darasani, nusu ya nusu chupa ni kiasi gani. Kija akanyoosha mkono akajibu, "Ni robo, mwalimu, ila povu litulie kwanza." Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka, alikuwa mnunuzi wa maziwa, na alijua povu limeshamla mara ngapi. Akampa alama zote.

Januari 1962 alipata kazi mjini, jikoni kwa Bwana Jamnadas, muuza vitambaa wa Mtaa wa Rufiji. Mke wa Bwana Jamnadas, ambaye baadaye alikuja kuitwa Mama Hansa na ambaye yupo nasi hapa mbele, alikuwa bibi harusi mgeni, umri mmoja na marehemu. Mmoja hakujua Kiswahili cha sokoni, mwingine hakujua jiko la Kihindi. Wakafundishana, wakagombana, wakazoeana.

Katika jiko hilo marehemu alijifunza jambo lililokuja kumlisha maisha yake yote. Katika nyumba za Kihindi maziwa yanachemshwa, yanaachwa yapoe, na ule utando mnene wa juu, ambao wenyewe wanauita malai, unakusanywa kwenye bakuli siku baada ya siku. Malai ya juma zima inatoa siagi, siagi inayeyushwa inakuwa samli. Yanayobaki chini yanakwenda kwenye chai, mengine yanagandishwa mtindi wa kulia wali, na yakikatika jikoni yanakamuliwa ndani ya kitambaa yawe jibini. Kwa hiyo mama wa Kihindi akikuuliza bei ya lita moja, kichwani ameshaigawa lita hiyo mara nne. Wauza maziwa wengi waliona huo ni uchoyo. Marehemu aliona ni hesabu, na akaipenda.

Tarehe 10 Oktoba 1964 alifunga ndoa kanisani na Bwana Yakobo Mashimba, kwa mahari ya ng'ombe kumi na wanne. Aliacha kazi ya jikoni, wakahamia hapa Buhongwa, na akaanza kuwapelekea maziwa wale wale aliokuwa akiwachemshia. Mungu aliwajalia watoto watatu: Rose, Shimba na Gladness. Bwana Yakobo alipata ajira katika kiwanda kimoja cha Nyakato, naye mama akabaki na baiskeli yake, ndoo mbili zenye mifuniko na kikombe cha lita. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo marehemu hakuikubali. Alikuwa akisema chema chake kimetembezwa hadi mjini kila asubuhi kwa miaka thelathini, na mlimani pale kimesukumwa kwa mguu.

Miaka ya tisini ilipoingia, biashara ikawa huria. Bei zilizokuwa zikipangwa na serikali zikaachiwa mtaani, na kila mtu akawa na bei yake. Madukani yakajaa maziwa ya unga ya makopo kutoka nchi ambazo ng'ombe wake hatujawaona. Mwaka 1993 Bwana Yakobo alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Tangu hapo nyumba hii, pamoja na ada ya Gladness, ilisimama juu ya ndoo mbili za Mama Rose, na ndoo hizo zilisimama juu ya jina lake. Wateja wake tisa, Mama Hansa akiwamo, walikuwa katika jengo moja la ghorofa. Neno likisemwa kwenye ngazi ya chini, chai haijapoa limeshafika juu.

Na neno lilisemwa. Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Agosti 1994, mfanyabiashara mmoja wa maziwa, ambaye familia imekubaliana jina lake lisisomwe kwa kuwa yu hai na ameshasamehewa, alifika kwenye jengo lile na gari lake dogo na kipimo cha kioo kinachoelea, cha kutambua maziwa yaliyotiwa maji. Alikiweka kwenye maziwa yake, kikasimama barabara kwenye mstari. Akaomba maziwa ya Mama Rose, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yameshushwa. Kipimo kikazama chini ya mstari mbele ya akina mama wote. Yule bwana hakusema sana. Alisema tu kwamba maji hayana rangi, na kwamba lita yake ni shilingi mia na sitini, wakati mama huyu anawatoza mia na themanini.

Siku ile Mama Rose alirudi Buhongwa na ndoo zikiwa zimejaa. Bwana Yakobo anasema hajawahi kumwona hivyo, hata siku ya kumzika mama yake mzazi. Alikaa kwenye kigoda, hakuvua hata kilemba, akasema neno moja: "Maji." Ng'ombe angeweza kununua mwingine. Jina likishatiwa maji halinunuliki, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Hakwenda kugombana. Kesho yake alipanda ngazi hadi kwa Mama Hansa akamwomba jambo moja. Anunue kwetu lita tatu na kwa yule bwana lita tatu, kila siku, kwa siku nane. Achemshe kila moja kwenye sufuria yake, moto ule ule, na malai aiweke kwenye bakuli mbili mbalimbali. Jumla lita ishirini na nne kila upande. Samli ikisema maziwa ya Buhongwa yana maji, yeye atarudisha fedha zote na hatapanda tena ngazi zile. Mama Hansa alimkubalia, ingawa majirani walimwambia anajipikia hasara.

Kazi ilianza Alhamisi tarehe 11 na kuisha Alhamisi tarehe 18. Ijumaa bakuli zote mbili ziliyeyushwa mbele ya akina mama wa jengo zima, na mizani ikaazimwa dukani kwa Bwana Jamnadas. Maziwa ya Mama Rose yalitoa samli kilo moja. Ya yule bwana yalitoa robo. Ikabainika kwamba alikuwa akiyapitisha kwanza kwenye mashine ya kutenga krimu, krimu akiuza kwingine, kisha akiongeza maji kidogo mpaka kipimo kikae sawa. Bwana mifugo wa kata alikuja kutueleza baadaye kwamba kile kioo hupima maziwa yaliyopoa. Maziwa ya moto kutoka kwenye chuchu, tena yenye mafuta mengi, hukizamisha. Marehemu alikuwa akiharakisha kufika mjini maziwa yakiwa bado na joto ili wateja waone ni mapya. Sifa yake ndiyo iliyomponza.

Lakini Mama Hansa hakuishia kwenye mizani. Alichukua kalenda ya ukutani, akaigeuza, akapiga hesabu nyuma yake. Samli dukani ilikuwa shilingi elfu mbili na mia nne kwa kilo. Ukiigawa kwa lita ishirini na nne, kila lita ya Mama Rose ilibeba samli ya shilingi mia moja, na kila lita ya yule bwana ilibeba ya shilingi ishirini na tano. Yale yaliyobaki chini, ya chai na mtindi, wote walikubaliana ni shilingi mia kwa lita. Basi lita ya Buhongwa ilistahili mia mbili, na ile ya gari mia moja ishirini na tano.

"Rahisi huvunja upishi," Mama Hansa alisema. "Lakini na wewe Mama Rose, miaka yote hii ulikuwa unajipunja mwenyewe."

Wapo mnaodhani marehemu aliinamisha kichwa na kusema asante. Hamkumjua. Alisema, "Basi ishirini yangu naitaka, kuanzia kesho."

Aliipata. Wateja tisa walirudi, wakawa ishirini na sita, na wanawake wengine wa hapa Buhongwa wakapata pa kuuzia kupitia ndoo zake. Bei ikawa inapangwa kwa samli mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na katikati ya kiangazi, jikoni kwa Mama Hansa. Waliobishana walibishana na mizani.

Mwaka 1996 alipata ng'ombe mmoja wa kisasa kupitia mradi wa kikundi cha kina mama. Ng'ombe yule alijaza ndoo peke yake, na nyumba nzima ilishangilia. Marehemu hakushangilia. Alichemsha lita ishirini na nne zake hapa hapa nyumbani kabla ya kuzipeleka popote, akapata samli robo tatu. Kilo haikufika. Bei wakati huo ilikuwa mia mbili na hamsini. Jumatatu iliyofuata alipanda ngazi akatangaza kwamba maziwa ya ng'ombe huyu ni mia mbili na ishirini. Bwana Yakobo alikasirika, na ametuomba tuliseme hilo wazi. Alimuuliza, "Nani anashusha bei yake mwenyewe, we mwanamke?" Akajibiwa, "Yule aliyeipandisha."

Novemba 1998 miguu yake ilianza kuvimba. Alipimwa akakutwa na kisukari, na figo zikiwa zimeshachoka. Aliendelea na baiskeli hadi Februari, kisha akaikabidhi kwa Gladness pamoja na kikombe cha lita na maagizo mengi kuliko aliyompa siku ya kipaimara. Tarehe 2 Mei 1999 alilazwa. Waliomtembelea wodini wanajua kwamba habari ya maumivu hakuitaka. Aliuliza malai imekuwaje. Mvua zilikuwa zimenywesha majani, maziwa yalikuwa mengi na mepesi, na aliogopa kwamba mtoto atashawishika au atadanganywa na wanaotuletea maziwa yao, kisha yeye afe na lile neno la mwaka tisini na nne likiwa limefufuka. Hofu hiyo ilimnyima usingizi kuliko figo. Familia inalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu lilituuma kumwona hivyo.

Mama Hansa alilisikia. Hakumpa maneno ya kumliwaza. Alikwenda nyumbani akakusanya malai ya siku nane, lita tatu kila siku, kutoka ndoo ya Gladness, akaiyeyusha mwenyewe. Jumanne tarehe 15 Juni alifika wodini na kopo lililofungwa kwa kitambaa, akakaa pembeni ya kitanda.

"Mama Rose, nimepima."

"Ngapi?"

"Kilo. Na kijiko juu."

Marehemu aliuliza kama povu lilikuwa limetulia. Mama Hansa akasema limetulia kabisa. "Haya," akasema, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe alilala bila kushtuka. Aliaga dunia siku iliyofuata, Jumatano tarehe 16 Juni 1999, saa nne asubuhi, saa ambayo kwa kawaida alikuwa akifikisha ndoo ghorofani. Gladness hakuwepo. Alikuwa njiani na maziwa, kama alivyoagizwa.

Marehemu ameacha mume, Bwana Yakobo Mashimba, watoto watatu, Rose, Shimba na Gladness, wajukuu saba, mdogo wake Justa, rafiki yake wa miaka thelathini na saba, Mama Hansa, wateja ishirini na sita, na ng'ombe watano, ambao mgawanyo wao hautajadiliwa leo.

Baada ya maziko wote mnakaribishwa chakula nyumbani. Wali umepikwa kwa lile kopo la samli, kilo moja na kijiko. Mama Hansa amelitoa na hataki kulipwa. Kama yupo kati yetu ambaye tangu mwaka tisini na nne amebaki na shaka juu ya maziwa ya mama huyu, tunamwomba asiondoke bila kula.

Mama Rose, umefika. Shusha ndoo, upumzike, na Mungu akupokee kwa kipimo kile kile ulichotupimia.