Fundi Hilarión na Madigadi ya Kushoto

Tarehe 30 Aprili, baada ya miaka thelathini na minne katika gereji ya ushirika wetu wa madereva hapa Uyuni, ukingoni mwa uwanda wa chumvi, Don Hilarión Choquevillca anavua ovaroli na kustaafu rasmi. Wanachama wa zamani watasema tangazo hili wamewahi kulisikia, nao hawajakosea. Amekwisha kuagwa mara mbili. Mara zote mbili tulikula nyama ya llama, tukapiga picha, hotuba zikasomwa, na Jumatatu yake tukamkuta uvunguni mwa gari akidai spana. Safari hii anaondoka kweli. Sababu nitaieleza hapa kwa maandishi, maana wengi wenu mlikuwepo uani Jumanne ya sikukuu ya Kanivali na mpaka leo mnaulizana kwa kunong'ona.

Alikuja kwetu akitokea Llica, kijana mwembamba aliyekuwa akiunga sepeto za wachimba chumvi. Aliombwa ashikilie kazi wiki moja tu, fundi wa zamani alipougua meno. Fundi yule akapenda kukaa nyumbani, na Don Hilarión akapenda kelele za gereji, basi mambo yakaishia hapo.

Miaka hiyo mkutano mkuu ulikuwa umepiga marufuku kuinua magari. Upepo wa uwandani ulikwisha kupindua moja lililorefushwa springi, na Doña Primitiva, mama yake mwenyekiti, alikataa katakata kupanda lingine mbele ya kadamnasi. Alisimama na sketi zake tano, akaitazama ngazi ya kupandia, akasema, "Mimi nikitaka kupanda mlima nitapanda Tunupa. Siparamii gari la mwanangu kama mbuzi." Marufuku ikapita siku hiyohiyo. Lakini chumvi iliyolowa na tope la kando yake havikuwa na habari na mkutano wetu. Vilitaka tairi kubwa, pana, zenye kukanyaga bila kuzama. Madereva wakabaki njia panda, na hapo ndipo Don Hilarión alipojitengenezea jina.

Alijua kulivalisha gari viatu vikubwa bila kulirefusha miguu. Kwanza alipaka unga wa mahindi kwenye mabega ya tairi jipya. Kisha alilipandisha gari gurudumu moja juu ya gogo, ili tairi hilo lijisukume ndani ya bodi, na akazungusha usukani hadi mwisho, kushoto, kisha kulia. Unga ulipoganda kwenye bati, hapo ndipo tairi lingekuja kuuma. Aliugonga ukingo wa ndani wa bati kwa nyundo iliyofungwa ngozi ya llama mpaka ukalala, akasogeza bampa mbele kidogo, akaweka kipande cha chuma cha kutoa rimu nje, na mpira mnene juu ya ekseli ili springi isibonyee mno. Aliyeondoka na tairi hizo aliambiwa pia kuwa mita yake sasa itadanganya, itahesabu njia fupi kuliko aliyokwenda. Wapo waliogombana na abiria kwa sababu hiyo, nao wanajijua.

Kukata bati kulikuja mwisho kabisa, tena kwa sharti. Don Hilarión hakuwahi kukata madigadi ya mtu, lile bati la juu ya tairi, mpaka mwenye gari asimame kando yake na kutamka kwa kinywa chake, "Kata." Kutikisa kichwa hakukutosha, wala kutuma ujumbe. Alisema bati likikatwa haliotei tena, kwa hiyo anayelipoteza alitaje mwenyewe. Tulimcheka sana. Kuna dereva aliyepoteza sauti kwa mafua akangoja siku mbili uani, hadi koo lilipofunguka.

Sasa nimfikie Lucio Yucra, maana bila yeye wasifu huu ungekwisha hapa na tungekwenda kula.

Lucio alikuwa mwenzetu, dereva wa Landkruza ya kijani, mwimbaji mbaya kuliko wote niliowahi kuwasikia. Jumatatu moja ya Kanivali, miaka mingi nyuma, alileta gari lake livalishwe tairi kubwa. Upande wa kulia alisema neno, ukakatwa. Upande wa kushoto unga ulikuwa umeganda kwenye madigadi, mstari mweupe kabisa, na Don Hilarión alikwisha kushika mkasi wa bati. Ndipo bendi ikaanza kupiga barabarani. Lucio akaruka ndani ya gari.

"Hiyo ya kushoto kesho, Fundi! Casta wangu amekwisha kuvaa. Nikichelewa atacheza na wewe!"

"Usikate kona kali basi," Don Hilarión akamwambia.

"Kona gani huko? Chumvi tupu!"

Kesho yake asubuhi, kabla ya kurudi gereji, alipakia kreti za bia kuwapelekea shemeji zake Tahua, ng'ambo ya uwanda. Maji ya mvua yalikuwa juu ya chumvi na ukungu ulikuwa umeshuka. Tunaoishi hapa tunaijua hali hiyo: juu mbingu, chini mbingu, na gari limening'inia katikati bila kitu cha kukanyaga. Mchana redio ya ofisi ilimpata mara moja tu. Alikuwa amepotea njia kidogo, akasema, anageuza arudi. Kisha akasema, "Nakata kushoto, halikati." Alicheka. Akarudia, safari hii bila kucheka, "Halikati." Baada ya hapo redio ilitoa sauti ya mpira ukisugua bati, muda mrefu, halafu ikanyamaza.

Tulitafuta mpaka maji yakakauka. Hatukupata gari, wala kreti, wala tone la oili.

Msimu wa mvua uliofuata ndipo sauti ilipoanza kusikika. Huja adhuhuri, maji yakiwa yametulia na ukungu umefunga. Kwanza injini ya mbali, kisha mkwaruzo ule, mrefu, ukizunguka kutoka upande mmoja wa weupe hadi mwingine, kama mtu anayejaribu kona pana isiyokwisha. Hakuna anayeliona gari. Madereva huzima injini, huvua kofia na kutafuna majani ya koka mpaka lipite. Wageni wakiuliza huambiwa ni upepo. Don Hilarión hakuwahi kusema ni upepo. Alikuwa akiinamisha kichwa, anasikiliza, kisha anasema, "Mbele, kushoto. Hiyo ni kazi yangu." Nilimwogopa siku hizo kuliko nilivyoiogopa sauti yenyewe.

Doña Casta, mke wa Lucio, hakuvaa nyeusi. Wakwe zake walimsihi, padri naye akajaribu, akawajibu wote kwa swali moja: nyeusi ya nani? Msimu wa mvua ukifika alikwenda ukingoni na chupa ya chai na blanketi, akakaa akisikiliza. Alirudi na uso wa mtu aliyetoka kuzungumza na mtu wake. Akiulizwa mume yu wapi, alisema yuko kazini.

Basi hapo pakawa na mvutano wa watu wawili wanaoheshimiana. Don Hilarión aliamini kuwa Lucio anazunguka kwa sababu njia ya nyumbani iko kushoto na tairi linamzuia kuikata. Gari likikatwa madigadi, litakata kona na kwenda linakokwenda. Lakini Lucio hakusema neno kwa upande huo, na gari sasa lilikuwa la mkewe. Kila mwaka Don Hilarión alikwenda kwake na kofia mkononi.

"Doña Casta, nimekuja kwa habari ya ile madigadi."

"Keti unywe chai, Fundi. Mengine yaache."

"Nitakufa nayo shingoni, mama."

"Na mimi nitabaki na nini? Wewe utalala usingizi wako mzuri, mimi nisikilize ukuta? Si anasikika? Mwache asikike!"

Mjini tuligawanyika. Wapo waliomwona Doña Casta mchoyo, na wapo, nikiwemo mimi, tuliosema wazi kwamba tungekuwa sisi tungefanya vilevile. Don Hilarión hakumlaumu hata siku moja. Alirudi tu gereji, na kila Jumanne ya Kanivali aliacha nafasi yake ya kazi wazi, na bakuli la unga mbichi juu ya gogo. Hii ndiyo sababu ya kuagwa mara mbili bila kuondoka. Alisema hawezi kukabidhi funguo huku kuna gari lake nje halijamalizwa.

Mwaka huu sauti ilibadilika. Waliokuwa njiani mwezi wa Januari walirudi na habari nyingine. Mpira haukusikika tena. Palikuwa na chuma kikisaga chuma, polepole, kikisimama na kuanza tena. Jumapili ya Kanivali Doña Casta alirudi kutoka ukingoni mapema, chupa ya chai haijafunguliwa, akaja moja kwa moja gereji. Nilikuwa dirishani kwangu katika ghala la vipuri nikihesabu bolti, na hakunisalimu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Tairi limekwisha, Fundi. Gari linatembea kwa rimu."

"Nimelisikia."

"Anaumia?"

Don Hilarión alifuta mikono muda mrefu. "Sijui, mama. Ninajua gari tu. Gari linaumia."

Doña Casta alisimama akitazama ile nafasi tupu. Midomo ilicheza, neno halikutoka. Kisha likatoka, dogo sana. Don Hilarión, ambaye hajawahi kumvunjia mtu sharti lile, akamwambia kwa upole kwamba hakusikia vizuri.

"Kata!" akapiga kelele, akalia palepale. "Nimesema kata! Unataka nikuimbie?"

Mnayajua ya Jumanne, ila kila mtu ana yake, kwa hiyo haya ni yangu. Magari yote yalikuwa uani yamepangwa kwa ajili ya baraka, yamefungwa riboni, tunayamwagia pombe magurudumuni na kuwarushia madereva karatasi za rangi. Gereji ilikuwa tupu. Mchana ukungu ukaingia mjini, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona. Ulikuja kwa barabara ya chumvi, chini chini, mpaka mpiga tarumbeta hakuona vidole vyake. Bendi ikanyamaza yenyewe. Tukasikia chuma kikisaga lami, kikikaribia, kikatupita ubavuni. Mwenyekiti anasema kilipita kulia kwake. Mimi nilikuwa kulia kwake, na nilichokiona ni riboni za gari lililokuwa puani kwangu zikipepea upande mmoja, na hapakuwa na upepo.

Don Hilarión akaweka glasi yake chini, akaingia gereji, akashusha mlango.

Tulisikia jeki, na gurudumu likibadilishwa. Tulisikia nyundo ile ya ngozi, pigo laini analolijua kila mwanachama. Kisha mkasi ukila bati, taratibu, bila haraka. Doña Casta alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono juu ya bati lake, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Halafu injini ikawaka. Tukausikia usukani ukizungushwa hadi mwisho, kushoto, na tukangoja mkwaruzo. Haukuja. Kikaja kitu kingine, na wanaosema ni redio ya jirani waendelee kusema: mtu akiimba, kwa sauti mbaya kupita zote.

Don Hilarión alipofungua mlango alikuwa na unga mpaka viwikoni. Mkononi alishika kipande cha bati la kijani, kimeliwa na chumvi kama biskuti. Akampa Doña Casta. "Haligusi tena," alimwambia.

Sakafuni palikuwa na maji ya chumvi na alama za tairi pana na mfuo mmoja wa rimu zikiingia. Za kutoka, zote za tairi, zilipitia mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma wa gereji, ndugu zangu, umezibwa na rafu zangu za vipuri tangu niajiriwe. Alama zilipita chini ya rafu, zikaendelea uwanjani, zikakata kona kali kushoto na kukoma. Nilikagua rafu zile mwenyewe. Hakuna hata nati moja iliyokuwa imesogea, na mimi katika mambo ya nati sitanii.

Machi nzima ukungu ulishuka na kuondoka. Madereva walizima injini, wakavua kofia, wakasikiliza. Hakuna. Nakiri kwamba ukimya huo uliniliza, nami si mjane wake. Don Hilarión akaja ofisini, akaweka funguo za gereji mezani, akauliza kama tutampikia llama kwa mara ya tatu au tumechoka.

Hatujachoka. Kwa niaba ya madereva, wa gereji, wa ofisi na wa ghala, tunamshukuru kwa kila tairi lililovuka chumvi salama, kwa kila bati alilolikata baada ya kuambiwa na kila bati alilokataa kulikata, na kwa kutuvumilia tulipomcheka. Atakayeshika nafasi yake ameagizwa kuliuliza neno lile, kwa sauti, kila mara.

Ombi moja kwa wageni wetu. Mtakapoingia ukumbini leo mtamwona Doña Casta kiti cha mbele, amevaa nyeusi tangu shali hadi viatu, kwa mara ya kwanza. Msimuulize ni ya nani. Mshikeni mkono, mmpe pole, kama angepewa zamani zile. Kwa desturi yetu nyeusi huvaliwa mwaka mmoja, kisha huvuliwa na mtu ambaye mfiwa amemchagua mwenyewe, na mtu huyo humvisha nguo za rangi na kucheza naye. Amekwisha kuchagua.

Don Hilarión, nenda kapumzike Llica, ulale mpaka jua likuchome, ule vizuri, uwe na afya. Tunakutakia maisha mema na marefu, ila mwaka huu hasa ujitunze, maana mwakani utarudi hapa ukamvue Doña Casta nyeusi, na amesema utacheza naye.

Delfina Ticona, ghala la vipuri